Wahunzi wa Oberndorf

Novemba 1914, mapigano yalipopamba moto Tanga, askari wengi wa jeshi la Mdachi walikuwa na shida ambayo wanajeshi wa Uingereza waliotoka India hawakuwa nayo. Kila walipofyatua bunduki, moshi mzito ulitanda mbele ya uso wa mpigaji, ukamziba macho, na papo hapo ukamwonyesha adui mahali alipojificha. Silaha yao ilikuwa ya muundo wa mwaka 1871, ya kutiwa risasi moja moja, yenye kutumia baruti nyeusi. Miaka 43 ilikuwa imepita tangu ikubaliwe kwao Ulaya. Mtu aliyeibuni alikuwa amefariki Ujerumani miezi mitano tu kabla ya siku hiyo.

Jina lake ni Paul Mauser. Katika vitabu vyetu tumezoea kusoma "bunduki za Wajerumani", kana kwamba ziliota zenyewe ndani ya meli. Bunduki hufuliwa na watu, mahali fulani, kwa mkataba na kwa bei. Asili ya hizi ni Oberndorf, mji mdogo kwenye bonde la mto Neckar, katika uliokuwa ufalme wa Württemberg.

Mnamo 1811 mfalme wa Württemberg aliamuru monasteri ya zamani ya Waagustino katika mji huo igeuzwe kiwanda cha silaha. Humo alifanya kazi Franz Andreas Mauser, mhunzi wa bunduki na baba wa watoto 13. Mwanawe Wilhelm alizaliwa 1834. Paul, kitinda mimba, alizaliwa Juni 27, 1838. Wote wawili waliingia kiwandani wakiwa wadogo, wakajifunza kazi kwa mkono. Mwaka 1859 Paul alichukuliwa jeshini na kupelekwa kwenye ghala la silaha la Ludwigsburg.

Fahari ya Prusia wakati huo ilikuwa bunduki ya Dreyse, iliyoitwa bunduki ya sindano. Risasi yake ilifungwa kwa karatasi, na sindano ndefu ilitoboa karatasi hiyo na kupita katikati ya baruti hadi kufikia kiwashio. Sindano iliungua, ikavunjika, na moshi ulivuja nyuma kuelekea jichoni mwa mpigaji. Paul aliona dawa yake. Komeo la bunduki yake lilifanya kama komeo la mlango, la kusukumwa mbele kisha kuzungushwa likaziba. Tendo hilohilo la kulizungusha wakati wa kufungua ndilo lililovuta springi ya sindano tayari kwa kufyatua. Likivutwa nyuma, ukucha mdogo ulikuja na ganda tupu la risasi. Maganda sasa yalikuwa ya shaba, hayavuji moshi. Mtu akiyaelewa matendo hayo matatu ameielewa karibu kila bunduki ya komeo iliyofuata duniani.

Ndugu hao walikuwa na akili, fedha hawakuwa nazo. Mwaka 1867 walikwenda Liège, Ubelgiji, kwa mkataba na Samuel Norris, wakala wa Remington ya Marekani. Norris alishindwa kulipa na wao wakarudi Oberndorf karibu mikono mitupu. Hata hivyo Prusia ilikuwa imeanza kuijaribu silaha yao, na Desemba 1871 ikaikubali kuwa bunduki ya askari wa miguu, yenye mtutu wa milimita 11.

Hapo ndipo penye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza historia yote ya kampuni hii. Serikali iliichukua bunduki ikaifua katika viwanda vyake yenyewe. Wabunifu waliambulia malipo madogo na kazi ya kutengeneza vilengeo. Ni Württemberg iliyowaokoa, ilipowapa oda ya bunduki 100,000. Kwa nguvu ya oda hiyo na fedha za benki, mwaka 1874 walikinunua kiwanda cha mfalme, kilekile alimofanyia kazi baba yao, kwa gulden 200,000. Lakini oda ya nchi moja huisha, na kiwanda kilichojengwa kwa maelfu ya bunduki hakiwezi kulishwa kwa kumi. Tangu hapo Mauser iliishi kwa kutafuta majeshi ya watu wengine.

Wilhelm, aliyekuwa msafiri na mfanyabiashara wa wawili hao, alipata oda kubwa ya Serbia, kisha akafariki Januari 1882. Mwaka 1884 kampuni ikawa ya hisa. Mwaka 1887 Uturuki iliagiza bunduki 500,000 na karabini 50,000, kwa ushirikiano na kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin, na maofisa wa Sultani wakakaa Oberndorf miaka mingi kukagua kila shehena. Waturuki walidai sharti la busara: uvumbuzi wowote mpya wa Mauser uingizwe katika oda yao. Mwaka huohuo kampuni ya Loewe ilizinunua hisa. Paul akabaki mkuu wa ufundi katika nyumba ambayo haikuwa yake tena.

Wafaransa walikuwa wameshatoa baruti isiyo na moshi mwaka 1886, na kila jeshi likaingiwa na kiwewe. Ujerumani iliitikia mwaka 1888 kwa bunduki iliyobuniwa na kamati ya maofisa, ikamwacha Paul kando. Yeye akaendelea na wageni. Ubelgiji ilichagua bunduki yake mwaka 1889, na kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal hasa kwa ajili ya kuifua. Hispania ikafuata mwaka 1893 na bunduki ya milimita 7, ambayo risasi zake tano hukaa mbili mbili kwa kupishana ndani ya kitako, hakuna kisanduku kinachoning'inia. Uswidi ikanunua, na Chile. Makaburu wa Transvaal waliagiza bunduki 37,000, wakawashangaza nazo Waingereza mwaka 1899. Wamarekani, waliopigwa na Mauser za Wahispania kule Cuba mwaka 1898, waliunda bunduki yao ya 1903 kwa kufuata muundo huo, na mwishowe wakalipa dola 200,000 za haki za uvumbuzi.

Aprili 5, 1898 Ujerumani yenyewe ikakubali: Gewehr 98, kazi bora ya Paul Mauser. Mwaka 1901, akijaribu bunduki ya kujijaza, ilimlipukia na akapoteza jicho. Bastola ya C96, iliyouzwa kwa wingi mno China, si yeye aliyeianzisha. Ni ndugu watatu wa ukoo wa Feederle waliokuwa wafanyakazi wake.

Huku kwetu zilikuja zile zilizostaafu. Jeshi lilipopata bunduki mpya, za 1871 zilipelekwa makoloni. Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo, wakatwaa bunduki zipatazo 300. Mwaka 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipotoka Matumbi wakiamini kwamba risasi zitageuka maji, komeo lililoanzia Oberndorf lilifanya kazi yake. Nikisoma juu ya ufundi wake ninausifu, kisha nakumbuka Wangoni na Wamatumbi, na sifa inanikwama kooni. Aprili 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na bunduki za 98. Waingereza waliipiga ikazama kwenye maji mafupi. Shehena ikaopolewa, na risasi zilizolowa chumvi zikafunguliwa moja moja, zikaanikwa, zikafungwa upya.

Ndovu nao walikuwa na sehemu yao. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, aliua mamia kwa Mauser ya milimita 7 iliyouzwa na kampuni ya Rigby ya London. Nyingi za pembe hizo ziliuzwa nje.

Baada ya 1918 kiwanda kilizuiwa silaha za kivita, kikatengeneza cherehani, vipimo na magari. Wakati wa Hitler kilirudia kazi ya zamani: karabini ya 98k, iliyokubaliwa mwaka 1935, ilifuliwa na viwanda mbalimbali zaidi ya milioni 14, na Oberndorf ilijaa maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu kuzifua. Wafaransa waliingia Aprili 1945, baadaye wakang'oa mitambo. Wahandisi watatu wa zamani, Edmund Heckler, Theodor Koch na Alex Seidel, walianzisha Heckler & Koch mjini humohumo mwaka 1949. Mauser iliyofufuka ilitengeneza mizinga ya ndege hadi ikamezwa na Rheinmetall. Bunduki za uwindaji zenye jina hilo hutoka Isny siku hizi, na komeo la 98 bado linauzwa.

Oberndorf kuna jengo liitwalo Schwedenbau, Jengo la Waswidi, kwa kumbukumbu ya oda ya Uswidi. Ndani yake leo ni makumbusho ya silaha.