Lenzi Nne na Sefu ya Eldoret

Kuna hadithi ambayo wengi wetu tuliokulia Eldoret tumeisikia tangu utotoni. Mwaka wa 1912 Standard Bank ilikuja kufungua tawi hapa, kwenye kijimji kilichoanzia shamba namba 64. Reli ilikuwa bado, ingefika 1924, kwa hivyo sefu ya benki ililetwa kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Inasimuliwa kwamba ilipoangushwa chini, ikakataa kutoka. Uzito wake uliwashinda wote. Basi wenye benki hawakubishana nayo: wakajenga kibanda cha udongo kuizunguka pale pale ilipoangukia, na kazi ikaanza.

Niliikumbuka sefu hiyo mwaka jana, nikiwa nimetandaza mali yangu kitandani ili niitangaze kuuza. Kamera moja ya Olympus E-420, lenzi nne, flashi, betri tatu, na mkoba uliofifia rangi. Kamera hiyo niliinunua mtumba 2011, nikiwa mwanafunzi Moi University, kwa pesa za kupiga watu picha siku ya mahafali. Ilikuwa SLR ndogo ajabu, mwili wake haufiki gramu 400. Unaitia kwenye mkoba wa kawaida, unapanda matatu, na hakuna anayejua umebeba ofisi nzima. Lakini kila kitu nilichonunua baada ya hapo nilikinunua kwa sababu ya kile cha kwanza. Nilikuwa nimeizungushia sefu ukuta.

Mtu asiyepiga picha hudhani kubadilisha kamera ni kama kubadilisha simu. Si hivyo. Siri iko kwenye mdomo wa kamera, ile pete ya chuma ambapo lenzi hujifunga. Kila kampuni ina mdomo wake, na lenzi ya huyu haiingii kwa yule. Pesa nyingi za mpiga picha hulala kwenye lenzi, si kwenye kamera. Kwa hivyo ukihama kampuni, unaacha nyumba pamoja na vyombo vyake.

Na historia ya kamera ndogo, ukiitazama vizuri, ni historia ya watu kuhamishwa.

Kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 ilipata jina 1925, Leica ilipoingia sokoni Ujerumani. Mwaka wa 1959 Wajapani wakaleta Nikon F, SLR iliyovutia waandishi wa habari dunia nzima, kwa sababu kioo kilichomo ndani kinakuonyesha kile kile ambacho lenzi inakiona. Tatizo lilikuwa uzito. Ndipo mhandisi wa Olympus, Yoshihisa Maitani, akaamua kwamba SLR inaweza kupunguzwa mwili bila kupunguzwa akili. Kamera yake ilitoka 1972 ikiitwa M-1. Leica wakalalamika kuhusu jina, ikawa OM-1. Baada yake, kampuni nyingine nazo zikaanza kupunguza unene.

Halafu ikaja 1987. Mwaka huo Canon walileta mfumo wa EOS, wenye mdomo mpya unaozungumza na lenzi kwa umeme badala ya vyuma vidogo vinavyosukumana. Kiufundi, walikuwa sahihi: kila lenzi ilipewa mota yake ya kufokasi. Lakini lenzi za zamani, zile za FD, hazikuingia tena. Hata ukizilazimisha kwa adapta ya kawaida, haziwezi kufokasi kitu kilicho mbali, maana mdomo mpya uko mbali kidogo zaidi na filamu, milimita 44 badala ya 42. Milimita mbili tu, na akiba ya mtu ya miaka kumi inageuka pambo la kabati.

Mzee aliyenifundisha kazi, mwenye studio ndogo mjini, alikuwa na Canon AE-1 na lenzi tatu za FD. Nilimuuliza alifanya nini waliposema mdomo umebadilika. Akacheka. "Kijana wangu, nani aliniambia? Mimi niliendelea tu kupiga passport." Aliendelea na kamera ile ile mpaka filamu na watu wa kuisafisha walipoanza kuadimika.

Usidhani waliobaki na kampuni isiyobadilisha mdomo walipona. Nikon waliuhifadhi mdomo wao wa 1959 miaka yote hiyo, lakini 2006 walipotengeneza SLR ndogo ya kidijitali, D40, waliondoa mota ya kufokasi ndani ya kamera ili kupunguza ukubwa na bei. Lenzi zilizotegemea mota hiyo zilijifunga vizuri kabisa, ila ukabaki unafokasi kwa mkono. Mlango ni ule ule, taa ndani imezimwa.

Na Olympus wangu je? Wao waliwaacha watu wao mara mbili. Mwaka wa 2003, badala ya kuendeleza familia ya OM, walianzisha mfumo mpya kabisa wa kidijitali ulioitwa Four Thirds. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, kilikuwa na upana wa milimita 17.3, kama nusu ya filamu ya 35. Hiyo ilifanya lenzi fupi ione mbali: lenzi ya milimita 150 ilikupa picha kama ya 300. Kwa mtu anayepiga wakimbiaji kwenye barabara za Iten, hiyo ni neema, kwa sababu wale watu hawakungojei. Nilijaza mkoba kwa imani hiyo.

Nilichokuwa sijui ni kwamba niliponunua, mfumo ulikuwa tayari unakufa. Agosti 2008 Olympus na Panasonic walitangaza Micro Four Thirds, mfumo usio na kioo, wenye mdomo mwingine. SLR yao ya mwisho, E-5, ilitoka 2010. Lenzi zilisitishwa 2017. Kufikia Januari 2021 biashara nzima ya kamera ilikuwa imeuzwa kwa kampuni nyingine.

Lakini niseme ukweli: si habari hizo za Japani zilizonihamisha. Kamera yangu ilikuwa bado inapiga. Kilichonihamisha ni harusi moja huku kwetu, betri yangu ya mwisho ilipozima kabla ya keki kukatwa. Tulikuwa wapiga picha wanne pale. Watatu walikuwa na Canon, na nikawaona wakipeana betri, lenzi, hata flashi, kama majirani wanaoombana chumvi. Mimi nilisimama na chombo changu kizuri ambacho hakuna mtu angeweza kunisaidia nacho. Kwenye makaratasi ya kampuni, mfumo ni kamera na lenzi zake. Eldoret, mfumo ni nani amesimama karibu nawe siku mambo yakiharibika.

Kwa hivyo nikaamua kuhamia Canon 200D, mtumba pia, ndogo pia, ili mgongo usinilaumu. Nilijua Canon wenyewe walishaanza kuhama tangu 2018, na kamera zao za R zisizo na kioo. Safari hii sikujidanganya kwamba nanunua cha milele.

Mteja akapatikana. Tukapatana bei, tuonane Jumamosi. Ijumaa usiku, nikikagua mifuko ya mkoba, nikakuta kadi moja ndogo, nyembamba kama ukucha. Ilikuwa kadi ya xD, aina ambayo Olympus na Fujifilm walileta 2002 na kuiacha miaka michache baadaye, dunia ilipochagua SD. Nikaitia kwenye kamera. Picha ya kwanza ilikuwa nyanya yangu, ameketi nje ya jiko, anachambua mboga, anamcheka mtu asiyeonekana. Alifariki miaka mingi iliyopita. Sikuwa na nakala nyingine yoyote.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa karibu kukifanya. Nyumba nzima, kitu pekee kilichoweza kuisoma kadi ile ni kamera niliyokuwa nauza kesho yake asubuhi.

Nikamkumbuka mzee na mikebe yake ya biskuti. Ndani yake aliweka negativu za wateja, kila bahasha na jina na mwaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilipochomwa hapa na watu wakajaa kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret wakiishi kwa mahema, baadhi yao walikuja kwake. Hawakuwa na kitambulisho, hawakuwa na albamu, wengine hawakuwa na sura moja iliyobaki ya mtu waliyemzika. Walimwuliza, "Mzee, unaweza kuwa na ile picha yetu ya Krismasi?" Mara nyingine alikuwa nayo. Aliniambia hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ilipigwa kwa mdomo wa FD.

Nilimpigia mteja nikamwomba tuonane Jumatatu. Nilitafuta ule waya maalumu wa kamera, usiofanana na waya wa simu yoyote, nikaupata chini ya droo. Nilihamisha kila kitu kwenye kompyuta, kisha kwenye diski mbili, moja nikampa dada yangu. Faili zilizokuwa kwa lugha ya Olympus peke yake nikazigeuza pia kuwa JPEG, ambayo hata simu ya bei rahisi huisoma. Picha ya nyanya nikaichapisha kwenye karatasi, nikaandika jina na mwaka nyuma yake kwa kalamu. Karatasi haihitaji mdomo wala waya.

Kwenye ile hadithi ya 1912, huwa tunacheka jinsi sefu ilivyowashinda watu. Tunasahau kuuliza ndani yake kulikuwa na nini. Benki ikihama, hutoa mali kwanza, chuma ikakiacha.

Jumatatu mteja alikuja, kijana wa mwaka wa pili, macho yanameremeta. Akahesabu lenzi: moja, mbili, tatu, nne. Nikamwonyesha betri na waya. Akafungua kifuniko cha kadi, akakuta patupu.

"Na kadi yake je?"

"Hiyo inabaki," nikamwambia. "Lakini chukua ushauri wa bure: chochote utakachopiga na hii, usikiache ndani yake."