Habari za Milima ya Udzungwa na Wanyama Waliochelewa Kuandikwa

Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za milima ambayo watu wengi hupita chini yake wasiitazame. Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara huiona upande wake wa kuume, imesimama kama ukuta wa kijani kibichi, na mawingu yamelala juu yake. Upande wa kushoto yako mashamba ya miwa na ya mpunga, na njia ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka wa 1970 na 1975. Macho ya msafiri huvutwa na miwa na reli, kwani hivyo ni vitu vya watu. Lakini maji yanayoinywesha ile miwa yatoka kule kwenye ukuta.

Milima hiyo ni Udzungwa, na jina lake latokana na Wadzungwa, watu wa milimani walio jamaa ya Wahehe. Ni sehemu moja ya safu ndefu ianzayo Taita katika nchi ya Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Uluguru na Ukaguru, ikaishia huku kusini. Miamba yake ni ya kale mno, wala si milima ya moto kama Kilimanjaro. Bonde lake liko kiasi cha mita 250 tu juu ya bahari, na kilele cha Luhombero kimepita mita 2,500. Katika msitu wa Mwanihana mtu aweza kupanda toka joto la bondeni mpaka baridi ya juu, na muda wote huo miti haikukatika juu ya kichwa chake. Mahali pa namna hiyo pamebaki pachache sana katika Afrika ya Mashariki. Maporomoko ya Sanje yaanguka humo, mita 170, hatua kwa hatua juu ya mwamba.

Sababu ya msitu huo kudumu ni bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi waja na unyevu, ukifika milimani walazimishwa kupanda, na upandapo hupoa, nao unyevu wageuka kuwa matone, kama mvuke unavyogeuka maji chini ya mfuniko wa chungu. Zamani za kale misitu ya mashariki iliungana na ile ya Kongo. Kisha nchi ikakauka, na nyika ikaingia katikati. Lakini milimani upepo wa bahari haukuacha kuleta mvua. Kwa hiyo misitu hii ikabaki kama visiwa, na viumbe waliofungwa ndani yake wakaenda njia yao wenyewe kwa muda wa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana wako wanyama na mimea isiyoonekana mahali pengine popote duniani.

Wanadamu nao walijua faida ya mahali pa namna hiyo. Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wadachi huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kiongozi wao, Zelewski, akafa papo hapo. Wadachi walirudi wakaiteka boma ya Kalenga mwaka wa 1894, lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Kwa muda wa miaka minne alihama toka mahali hata mahali, na milima na misitu ya Udzungwa ilikuwa mojawapo ya maficho yake, mpaka alipojiua mwezi wa Julai 1898 asipate kukamatwa. Habari zake mwazijua, sitazirudia zote. Nataka tu mkumbuke ya kuwa askari wenye bunduki nyingi hawakuweza kuupekua msitu ule.

Wataalamu wa elimu ya wanyama nao hawakuupekua upesi. Mwaka wa 1979, wataalamu wawili, Bibi Katherine Homewood na Bwana Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya kijiji cha Sanje, wakichunguza ni wanyama gani waliomo. Wakasikia mlio mkubwa toka mitini. Bibi huyo alishtuka, kwani mlio ule aliujua: alikuwa amekaa muda mrefu kando ya mto Tana katika Kenya, akiwachunguza nyani wa namna fulani wapatikanao huko tu. Yawezekanaje mlio wa Tana usikike Udzungwa, mamia ya maili mbali? Alipouliza, mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakustaajabu hata kidogo. Akawaambia ya kuwa huyo ni ngolaga. Baadaye wakaonyeshwa kijijini mtoto wa mnyama yule aliyekuwa akifugwa, na hapo wakaamini. Mwaka wa 1981 habari za ngolaga wa Sanje zikapigwa chapa kwa mara ya kwanza.

Vitabu husema ya kuwa mnyama huyu “aligunduliwa” mwaka wa 1979. Mimi kama mwalimu sipendi sana neno hilo lisomwe upesi upesi. Mnyama mwenye jina hakuwa amepotea. Hakuwa ameandikwa tu. Hata Bwana Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro wenye theluji mwaka wa 1848, wenye elimu wa Ulaya walimbishia kwa miaka mingi, na Wachaga walikuwa wakiiona theluji ile kila asubuhi. Lakini tusiwanyime wale wataalamu haki yao. Mwenyeji alilijua jina na mlio, ila hakuweza kujua ya kuwa mnyama huyo hayumo katika nchi nyingine yo yote. Jambo hilo hulijua yule tu aliyelinganisha nchi na nchi. Elimu mbili zilikutana pale Sanje, na moja peke yake isingalitosha.

Na haya yalitokea tena. Mwaka wa 1991 wataalamu wawili wa Denmark walikuwa kambini katika msitu wa milima hii. Walipokwisha kula chakula cha jioni, mmoja aliona ndani ya sufuria miguu ya ndege asiyemjua. Basi, wakauliza ndege gani yule waliyepikiwa, wakamtafuta akiwa hai, na ikaonekana ya kuwa ni kwale ambaye ndugu zake wa karibu hawako Afrika, bali wako katika milima ya Asia. Sijapata kusikia chakula kingine kilicholeta elimu kubwa kama hicho.

Halafu yuko kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa katika nchi ya Rungwe walikuwa wakimtaja, na wengine walidhani ni mnyama wa hadithi. Mwaka wa 2003 alionekana huko Rungwe, na mwaka uliofuata kundi jingine la wachunguzi, wasiokuwa na habari za wale wa kwanza, wakamwona katika msitu wa Ndundulu, milima hii hii ya Udzungwa. Mwaka wa 2006 akapewa ukoo wake peke yake katika hesabu ya wanyama. Na mwaka wa 2008 akaandikwa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye picha yake ya kwanza ilichukuliwa na kamera iliyotegwa njiani.

Sasa nije kwa jambo lililo gumu zaidi. Mwaka wa 1992 Serikali ya Tanzania iliifanya sehemu ya milima hiyo, kilomita za mraba 1,990, kuwa Hifadhi ya Taifa, makao yake yakiwa Mang'ula. Hapo kwanza ilikuwa misitu ya akiba, nayo miti mikubwa kama mvule na mkangazi ilikuwa imekatwa sana upande wa chini. Sheria ya hifadhi ni kali: hakuna kulima, kuwinda wala kukata. Lakini vijiji vya upande wa mashariki vimebanwa kati ya mlima na mashamba ya miwa, na watu wameongezeka tangu reli na kiwanda cha sukari vilipokuja. Kwa hiyo wanawake waliruhusiwa kuingia kwa siku maalum ya juma kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilidumu kwa miaka kama ishirini, ikafutwa mwaka wa 2011.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hizi, wengi walisifu amri hiyo, mpaka msichana mmoja aliposimama akauliza, “Mwalimu, ngolaga amepata nyumba, mama aliye Sanje apike kwa kuni gani?” Darasa likanyamaza, nami nikanyamaza kidogo. Wenye hifadhi walisema ya kuwa walioingia kuokota kuni kavu walifuatwa na wenye shoka na mitego, na maneno hayo si uwongo. Wanavijiji walisema ya kuwa kupanda miti yahitaji ardhi, na ardhi wameikosa, na hayo nayo ni kweli. Wengine wamejifunza kutumia majiko ya pumba za mpunga, yanayofaa mahali penye mpunga mwingi. Nilimjibu yule msichana ya kuwa wanawake wa Sanje walibebeshwa mzigo wa nchi nzima, na ya kuwa wale wanaofaidi maji ya mlima huo hawajawalipa bado.

Wenye kufaidi ni wengi. Katika bwawa la Kidatu, karibu na mpaka wa kaskazini wa hifadhi, maji ya Ruaha Mkuu yameendesha mitambo ya umeme tangu mwaka wa 1975. Kusini, mto Kihansi ulitiwa katika mfereji wa chini ya ardhi ili kutoa umeme, na maporomoko yake yakapungua sana. Chini ya maporomoko yale walikuwako vyura wadogo wa manjano, wasiotaga mayai bali huzaa watoto, walioishi kwa manyunyu ya maji peke yake. Vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka wa 2000, na ilikuwa heri, kwani waliobaki walikufa hata wakatangazwa mwaka wa 2009 ya kuwa wamekwisha porini. Uzao wa wale waliosafiri ulianza kurudishwa nyumbani mwaka wa 2012, chini ya mabomba yanayonyunyiza maji mahali pa yale manyunyu.

Ngolaga hakupelekwa ng'ambo. Yuko katika misitu miwili tu, ule wa Mwanihana ulio ndani ya hifadhi, na ule wa ukingo wa kusini wa Udzungwa ulio nje ya mpaka wake. Wapitao njia ya Sanje asubuhi na mapema, kabla magari hayajawa mengi, huweza kumsikia toka barabarani.