Upepo Mkubwa na Shilingi Tano za Wazee

Usiku wa Jumapili, tarehe 6 Januari 1839, tufani iliyokuja kuitwa Upepo Mkubwa iliingia Ireland kutoka Atlantiki. Mapaa ya nyasi yaling'oka, moto wa mekoni ukarushwa hadi nyumba za jirani, meli zikavunjikia pwani, na chumvi ya bahari ikakutwa kwenye miti ya bara. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 250 na 300. Kwa vijiji ambavyo hakuna aliyeandika tarehe za kuzaliwa, usiku ule ukawa kalenda: huyu alizaliwa mwaka mmoja kabla ya Upepo Mkubwa, yule aliolewa miaka kumi baadaye. Msomaji ambaye nyanya yake alizaliwa "mwaka wa nzige" anaielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Hakuna aliyedhani kwamba kumbukumbu hiyo ingekuja kulipa.

Mwaka 1908 Bunge la Uingereza, ambayo wakati huo iliitawala Ireland yote, lilipitisha sheria ya pensheni ya uzee. Aliyefikisha miaka 70 na mwenye kipato kidogo angelipwa hadi shilingi 5 kwa wiki, bila kuwahi kuchangia hata senti. Ujerumani ya Bismarck ilitangulia mwaka 1889, lakini kule mfanyakazi alikatwa mshahara kwanza. Malipo ya Uingereza yalianza Ijumaa, tarehe 1 Januari 1909, kwenye kaunta za posta, na mahali pa kulipia palikuwa na uzito wake. Kabla ya hapo, mzee aliyeishiwa aliangukia nyumba za maskini zilizojengwa Ireland kwa sheria ya mwaka 1838, ambako mume aliwekwa upande wake na mke upande wake. Wengi waliona afadhali njaa. Posta, kwa upande mwingine, ni mahali ambapo hata mwenye duka huingia.

Tatizo lilikuwa umri. Ireland ilianza kuandikisha vizazi vyote mwaka 1864 tu, kwa hiyo mtu wa miaka 70 hakuwa na cheti, na vitabu vya ubatizo vya parokia nyingi vilikuwa na mapengo. Maofisa wa ushuru, waliozoea kukagua pombe, ndio waliotumwa kuwapekua wazee. Swali lililoenea likawa: unaukumbuka Upepo Mkubwa? Ikumbukwe kwamba aliyetimiza miaka 70 mwanzoni mwa 1909 alikuwa kichanga usiku ule. Hata hivyo wazee waliukumbuka, tena kwa undani. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha yule aliyeapa kwamba usiku huo alikuwa ameshaweza kula kiazi mwenyewe mkononi. Waombaji walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na wakubwa wa hazina kule London wakaanza kushuku. Kudanganya kulikuwepo, bila shaka. Lakini vijana kwa mamia ya maelfu walikuwa wamehamia Marekani baada ya njaa kuu ya miaka ya 1840, na nchi ikabaki na wazee wengi kuliko kawaida.

Wengine walitafutiwa ushahidi wa maandishi. Mwombaji alitaja wazazi wake, parokia na kitongoji, na karani huko Dublin akapekua sensa za 1841 na 1851 kuona kama mtoto wa jina hilo alihesabiwa. Jengo la nyaraka liliteketea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1922, na sehemu kubwa ya sensa hizo ikaenda na moto. Fomu za pensheni zilizonusurika sasa zinatafutwa na wajukuu walioko Boston na Sydney, kwa sababu kwa familia nyingi ndizo mabaki pekee ya sensa hizo.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ndani ya nyumba. Katika mashamba ya magharibi, mwana alipooa, wazazi walimkabidhi ardhi na kuhamia chumba kilicho nyuma ya meko, kilichoitwa chumba cha magharibi. Mara nyingi waliandikishiana kwa wakili: viazi kiasi gani, maziwa, malisho ya ng'ombe mmoja, haki ya kukaa motoni. Mapatano yakiandikwa hivyo, ni dalili kwamba mama mkwe na mke wa mwana hawakuaminiana sana. Pensheni iliubadili mzani. Aliyekwisha kukabidhi shamba hakuwa na kipato, hivyo alistahili kulipwa, na wengi wakaharakisha kukabidhi. Bibi wa chumba cha magharibi sasa alinunua chai na tumbaku yake mwenyewe, na kilichobaki kikaingia kwenye matumizi ya nyumba. Shilingi 5 zilikaribia nusu ya ujira wa wiki wa kibarua wa shambani. Mzee aliyehesabiwa kama mdomo wa ziada akawa mwenye sarafu chache zilizofika kila wiki bila kukosa.

Zanzibar ilipoanzisha pensheni ya wazee wote Aprili 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, nayo ilichagua umri wa miaka 70. Tofauti ni kwamba Zanzibar haikuuliza kipato.

Kiwango cha Ireland kilifika shilingi 10 mwaka 1919. Mwaka 1924 serikali changa ya Dublin, baada ya Ireland kujitenga na Uingereza, ilikuwa na uhaba wa fedha, na waziri wa fedha Ernest Blythe akapunguza shilingi moja. Ilirudishwa mwaka 1928, lakini hasira haikurudi nyuma. Blythe alikuwa mtetezi mkubwa wa lugha ya Kiairishi na akauongoza ukumbi wa michezo wa Abbey kuanzia 1941 hadi 1967. Waairishi wengi, hata hivyo, ukiwatajia jina lake watakutajia ile shilingi.