Msamaha wa Faili katika Antivirusi

Msamaha wa faili ni agizo linaloiambia antivirusi isikague faili, folda au programu fulani. Katika Defender ya Windows unaweza kusamehe faili moja, folda nzima au aina fulani ya faili.

Haja yake huzuka antivirusi inapomkamata asiye na hatia. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee liliidhania svchost.exe, faili halali ya Windows XP, kuwa kirusi. Kompyuta katika nchi nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe.

Kwenye stesheneri za Kasulu na Kibondo, ambako kazi huletwa kwa flashi, hatari kubwa iko upande wa pili: kumsamehe mwenye hatia. Flashi inachomekwa, folda zinaonekana zimegeuka njia za mkato za kilobaiti chache. Hiyo ni dalili ya kirusi. Mara nyingi faili halisi zimefichwa tu, hazijapotea. Kuisamehe flashi nzima ili barua ichapwe haraka ni kumfungulia mwizi mlango. Afadhali isamehewe faili moja ambayo chanzo chake kinajulikana, na msamaha ufutwe kazi ikiisha, kwani msamaha uliopewa diski E: huifuata kila flashi itakayopata herufi hiyo.