Kesi ya Barry Bonds: Nani Alipaswa Kujibu?

Tarehe 7 Agosti 2007, mjini San Francisco, Barry Bonds aliupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja kwa mara ya 756 katika maisha yake ya besiboli. Kwa mpigo huo alimpita Hank Aaron, aliyeishikilia rekodi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Miezi mitatu baadaye serikali ya Marekani ilimshtaki kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu matumizi ya steroidi, dawa za kukuza misuli. Huirudia kesi hii kila ninapotafakari jinsi taasisi inavyoweza kunufaika na kosa, kisha ikamwachia mtu mmoja aibu yake.

Tuanze na mazingira. Mwaka 1994 mgomo wa wachezaji ulisababisha fainali za ubingwa kufutwa, na mashabiki wengi wakaususia mchezo. Kilichowarudisha ni msimu wa 1998, Mark McGwire na Sammy Sosa waliposhindana kuvunja rekodi ya mipigo ya kuvuka uzio katika msimu mmoja. McGwire alimaliza na 70, Sosa 66. Viwanja vilifurika. Mwandishi mmoja alipoona kwenye kabati la McGwire chupa ya androstenedioni, kirutubisho ambacho besiboli ilikuwa bado haijakikataza, wapo waliomlaumu mwandishi kwa kuchungulia. McGwire alikiri kutumia steroidi mwaka 2010 tu.

Katazo lilikuwapo kwenye karatasi. Kamishna Fay Vincent alitoa waraka mwaka 1991, lakini hapakuwa na vipimo, na chama cha wachezaji kilivipinga kwa miaka mingi. Adhabu kwa anayepatikana na dawa hizo zilianza mwaka 2004. Wahenga walisema samaki hukunjwa angali mbichi. Hapa alisubiriwa mpaka akakauka.

Septemba 2003 maofisa wa serikali walipekua BALCO, kampuni iliyokuwa karibu na San Francisco iliyowapa wanamichezo dawa. Desemba mwaka huo Bonds, aliyepewa kinga ya kutoshtakiwa mradi aseme kweli, aliliambia jopo la uchunguzi kwamba hakuwahi kutumia steroidi kwa kujua. Alichopewa na mkufunzi wake, Greg Anderson, alisema alidhani ni mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya kuchua viungo. Anderson, rafiki yake tangu utotoni, alikataa kutoa ushahidi na akafungwa zaidi ya mara moja kwa kukaidi amri ya mahakama.

Aprili 2011 jopo la wananchi lilishindwa kuafikiana juu ya mashtaka matatu ya uongo. Lilimtia hatiani kwa kuzuia mkondo wa haki peke yake. Alipoulizwa kama Anderson aliwahi kumpa kitu cha kujidunga sindano, alizungukazunguka akieleza maisha ya mtoto wa mtu maarufu, kwa kuwa baba yake, Bobby Bonds, naye alikuwa mchezaji nyota. Alipewa siku 30 za kifungo cha nyumbani. Mwaka 2015 majaji 10 kati ya 11 wa mahakama ya rufaa waliifuta hukumu hiyo. Swali la msingi, kama alijua alichokuwa akitumia, halikupata jibu la mahakama.

Ripoti ya Seneta mstaafu George Mitchell, Desemba 2007, ilikuwa imesema wazi kwamba makamishna, viongozi wa klabu, chama cha wachezaji na wachezaji wote walikuwa na sehemu ya lawama. Lakini Bud Selig, aliyeuongoza mchezo katika miaka hiyo yote, aliingizwa mwaka 2017 katika jumba la heshima la besiboli kule Cooperstown. Bonds, katika kura yake ya kumi na ya mwisho ya waandishi mwaka 2022, alipata asilimia 66, zilihitajika 75.

Simtetei Bonds. Wapo wachezaji waliokataa dawa, wakashindana na wenzao waliozitumia, na hao ndio waliodhulumiwa zaidi. Lakini waliodhulumiwa hawakulindwa na wale waliokuwa na mamlaka ya kuweka vipimo mapema. Nisomapo ripoti yoyote ya uchunguzi, iwe ya michezo au ya ofisi ya umma, baada ya jina la mtuhumiwa hutafuta majibu mawili: nani aliyekuwa na uwezo wa kuzuia, na alipata nini kwa kunyamaza.