Waliamua Macho Yetu Ni Mazito

Kila nikimwambia mtu aitazame Kati Kati, jibu huwa moja: hiyo muvi inaboesha, hakuna kitu kinafanyika. Halafu anaongeza lingine, na hili ndilo hunikera: sinema za polepole ni za wazungu, sisi tunapenda ngumi. Wasee, hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha kitengo cha kutengeneza filamu za makoloni, Colonial Film Unit. Aliyekiongoza, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, na aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kasi. Kanuni zikatoka hapo. Kila picha ikae sana kwenye skrini. Kamera isichezecheze. Usimtoe mtazamaji mahali hadi pengine ghafla, atachanganyikiwa. Filamu zenyewe zilikuwa za kufunza: nawa mikono, chimba choo, lima hivi. Zilizungushwa vijijini kwa magari, na kando ya skrini alikuwepo mtu wa kueleza kila kitu kwa lugha ya wenyeji. Yaani upole tuliletewa kama matusi.

Kuna kisa ambacho Marshall McLuhan alikirudia kwenye kitabu chake cha 1962. Wanakijiji zaidi ya 30 walionyeshwa filamu ya polepole kabisa kuhusu kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Wakaulizwa wameona nini. Wakasema: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua ina kuku! Ilibidi waipitie picha kwa picha, na kweli, kuku alikuwa amekatiza kwenye kona kwa kama sekunde moja. Kisa hiki kilitumiwa kuthibitisha kwamba Waafrika hawajui kutazama filamu. Mimi nakisoma tofauti. Hao watu walitazama vizuri kuliko wenye kamera.

Yule mtu wa kueleza hakupotea, alibadilika tu. Huku Dagoretti Corner, na ukishuka Kawangware, wengi wetu tulijua sinema kwenye vibanda vya video, mbao unaingia, DJ Afro anatafsiri. Nampenda DJ Afro na sitaki kusikia mtu akimdharau. Aliichukua ile kazi ya kuelezea watu na kuigeuza kicheko; muvi ya Hong Kong ikawa ya mtaa. Lakini ukizoea sauti inayojaza kila pengo, kimya kinaanza kufanana na spika iliyoharibika.

Sasa ingiza Mbithi Masya. Huyu ni yule wa Just A Band, bendi iliyotupa Makmende mwaka 2010, na Makmende alikuwa ngumi tupu. Mwaka 2016 akatoa Kati Kati, filamu yake ndefu ya kwanza. Kaleche anaamka nyikani hana kumbukumbu, anafika kwenye loji, anaambiwa na waliomo kwamba amekufa, na wao pia. Basi. Watu wanaogelea, wanakaa, wanakwepa kusema walichofanya walipokuwa hai. Kivuli cha vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 kimo humo, na hakuna anayekupigia kelele uelewe. Ilishinda tuzo ya wahakiki, FIPRESCI, kwenye tamasha la Toronto, na Kenya ikaituma Oscar. Hapa polepole imechaguliwa na Mkenya. Hakuna aliyempimia macho.

Si Kenya pekee. Amil Shivji wa Tanzania alifanya hivyo na Vuta N'Kuvute, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi: Zanzibar ya mkoloni, mapenzi na siasa, na kamera isiyo na haraka hata kidogo.

Mimi hukata video kwa ajili ya tumbo. Sekunde 3 za kwanza zisipokushika, umeenda, na programu inaniadhibu. Sellers aliamua hatuwezi kasi. Hizi programu zimeamua hatuwezi upole. Wote wawili hawakutuuliza.

Kati Kati ni dakika 75. Jioni yenye mvua, jam ya Ngong Road kutoka tao hadi hapa Dago hukula zaidi ya hizo, na sijawahi kusikia mtu akishuka mathree akilalamika eti haikuwa na stori.