Nyumba ya msonge haiongezwi chumba

Familia ya Bungoma au Kitale, magharibi mwa Kenya, ikibomoa ukuta wa ubavuni ili kuunganisha vyumba vipya na nyumba ya wazazi, watu husema usasa umeingia. Naamini kilichoingia ni uhaba wa ardhi. Wabukusu wa huko wamepanua maskani yao kizazi baada ya kizazi, ila walichoongeza ni nyumba, si vyumba. Nyumba ya msonge haikubali kiraka: fito za paa hukutana kileleni na ukuta wa mviringo huzibeba pande zote, hivyo ukikata upande mmoja paa zima hulegea. Adabu nayo ilidai hivyo hivyo. Kijana aliyetahiriwa, Agosti ya mwaka wa shufwa, hakurudi kulala kwa mama yake. Alikuwa na simba yake, yaani kibanda cha kijana, uani. Baba mkwe na mkaza mwana walitakiwa kuheshimiana kwa kukaa mbali, kwa hiyo mwana aliyeoa alihitaji mlango wake na paa lake.

Ua huo mpana, wenye nafasi ya nyumba nyingi, nao una historia yake. Hadi 1895 Wabukusu wengi waliishi ndani ya ngome za udongo zilizozungukwa na mahandaki. Waingereza walipowashinda kwenye ngome za Lumboka na Chetambe mwaka huo, ngome ziliachwa na familia zikatawanyika mashambani. Kisha ikaja kodi ya vibanda ya wakoloni. Kwa kuwa ilihesabu nyumba moja moja, iliwapa watu sababu ya kubanana chini ya paa moja. Reli ilipofika Kitale 1926, kusafirisha mabati na saruji kukawa rahisi, na nyumba ya pembe nne, ambayo ubavu wake unaweza kurefushwa, ikaenea. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yaligawanywa, warithi wakayagawa tena, na mjini ploti ya futi 50 kwa 100 ikawa ndiyo boma zima.

Kuna hoja kwamba elimu na fedha ndizo zilizobadilisha ladha. Mabati yaliwezesha, sikatai, lakini kuwezesha si kusababisha. Fundi yeyote anajua shida ya kuunganisha: msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado unashuka, na ufa hutokea pale kuta mbili zinapokutana; mvua nayo hupenya kwenye kiungo cha mapaa. Mwenye nafasi hana haja ya kujitafutia taabu hiyo. Ndiyo maana wenye ekari za kutosha, hata waliosoma na kujenga kwa mawe, bado wana jiko la kuni nje na simba ya kijana pembeni. Na kwenye ploti iliyobana, chumba cha mvulana mkubwa mara nyingi hutobolewa mlango wa kutokea nje moja kwa moja, hata kama kinapakana ukuta na sebule ya wazazi.